Chora ukoo wa macho kabla hujaenda kliniki

Tukisikia utafiti wa jeni, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, tunawaza maabara za Marekani, kumbe hatua ya kwanza ni kuchora ukoo wenu kuonyesha nani ana shida ya macho, na unaifanya mwenyewe hapa Mwanza kwa daftari na kalamu. Ukifika hospitali ya Bugando au kliniki yoyote ya macho utaulizwa kama kwenu kuna mwenye tatizo kama lako, na wengi tunajibu hapana fasta bila hata kumpigia bibi simu.

Mgonjwa muweke chini katikati. Mwanaume kiboksi, mwanamke duara, mwenye shida ya macho mpake wino. Panda juu, wazazi na ndugu zao, babu na bibi pande zote, vizazi vitatu vinatosha. Hapa ndo pagumu maana kwetu kila mtu ni kaka na kila mzee ni baba mkubwa, sasa we uliza kamzaa nani, na je mama ni yuleyule? Kama wazazi ni mabinamu unganisha kwa mistari miwili, daktari ataelewa. Na wajomba usiwaruke, kuna magonjwa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, yanapita kwenye kromosomu X, moja ya vifurushi vinavyobeba jeni, mama anaona freshi tu ila kaka zake na watoto wake wa kiume ndo wanaumia.

Wazee usiwatajie majina ya magonjwa, uliza maisha. Nani aliacha kuvua dagaa usiku kwa sababu giza likiingia haoni kitu? Inaweza kuwa retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi wa retina, inaanza na giza halafu pembeni kunazidi kubana. Nani alipofuka taratibu bila maumivu? Huenda ni presha ya macho, na hiyo ndugu wa damu wapimwe hata kama wanaona. Andika na umri ilipoanza. Ila sio kila kitu ni jeni wala kurogwa, trakoma, ugonjwa wa macho wa bakteria, inaambukizana nyumba nzima, na mtoto asiyeona usiku anaweza kuwa kapungukiwa vitamini A. We andika wote, daktari atachuja.

Ila kama mboni ya mtoto inang'aa nyeupe kwenye picha ya flashi, acha daftari, nenda leo leo. Inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho. Ile ya kurithi inatokana na hitilafu kwenye jeni ya RB1, na mzazi aliyenayo kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi hitilafu hiyo, kwahiyo wadogo wa mtoto huyo nao wapelekwe mapema.

Kujua jeni husika kuna maana kwa sababu tiba nazo zinachagua. Luxturna, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani 2017 na kutangaziwa bei ya dola 850,000 macho mawili mwanzoni mwa 2018, inawafaa tu wenye hitilafu kwenye jeni ya RPE65, tena inadungwa ndani ya jicho kwa upasuaji. Sasa yule anayekuuzia matone stendi Nyegezi eti yanarekebisha jeni, muulize jeni ipi.