Kuchagua Mimea ya Kuchangamsha Nyumba na Bustani Katika Baridi ya Uingereza

Mtu aliyezoea mwanga wa Tanga au Mombasa, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huona vigumu kuamini kwamba mjini London, tarehe 21 Desemba, jua hukaa angani kwa muda wa chini ya saa 8. Mimea mingi inayonunuliwa kwa furaha mwezi wa Novemba huwa imekwisha kufa kabla ya Februari, na mwenye nyumba hudhani imeuawa na baridi, kumbe ndani ya chumba chenye kipasha joto wauaji hasa ni uhaba wa mwanga, hewa kavu na maji ya kupindukia.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chunguza madirisha yako. Jua la majira hayo hupita chini, upande wa kusini, na dirisha linaloelekea huko ndilo lenye thamani kuliko yote. La mashariki na la magharibi hufuata, na la kaskazini lisitegemewe kwa mmea wa maua. Usiku, vyungu visiachwe kati ya pazia na kioo, kwa kuwa hapo baridi hujikusanya.

Mmea ninaoupendekeza kwanza kwa ndani ni wa kwetu: ua la Usambara, ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la milima hiyo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata ukapewa jina la kisayansi Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Kwao humea kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, na anayelikumbuka jambo hilo hatahangaika kuutunza. Uupe mwanga mwingi usiounguza, joto lisiloshuka chini ya nyuzi 16, na maji ya uvuguvugu yanayotiwa kwenye kisahani ili udongo uyanyonye kutoka chini, kwa sababu maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika. Baada ya nusu saa, maji yaliyobaki yamwagwe.

Amarilisi, mmea wa maua makubwa, humfaa asiye na uzoefu, kwani kitunguu chake, yaani tunguu lake la kupandia, huja na akiba yake ya chakula. Kipandwe kwenye chungu kisichokizidi sana kwa upana, theluthi moja ikiwa juu ya udongo, nawe utaona maua baada ya wiki 6 hadi 10. Kitunguu hicho kina sumu, kwa hiyo kisiwekwe jikoni ambapo mtu anaweza kukidhani cha mboga. Poinsetia, ule mti wa majani mekundu unaoota kama kichaka katika bustani za Nairobi na Arusha, huchukia upepo wa baridi hata wa dakika chache. Ufungwe vizuri kwa karatasi unapotoka dukani, na usinunue uliopangwa nje ya mlango wa duka.

Nje ya nyumba, swali la kwanza ni pale utakapokuwa umesimama unapoitazama bustani. Hakuna anayekaa bustanini Januari, basi mimea ipandwe pale inapoonekana kutoka dirisha la jikoni au kando ya njia ya kuingilia. Nitatumia majina ya kisayansi, maana ndiyo yanayokuwapo kwenye vibandiko. Karibu na mlango panda Sarcococca, kichaka kifupi kisichopukutisha majani, ambacho vijiua vyake vyeupe havivutii macho lakini harufu yake humpokea mgeni kabla hajabisha hodi. Hamamelis huchanua maua ya manjano kama nyuzi kwenye matawi yasiyo na jani, hata theluji ikiwa imelala, ila haipendi udongo wa chokaa. Helleborus niger, mmea mfupi wa maua meupe, wenye sumu pia, hustahimili kivuli cha miti. Galanthus, ua dogo jeupe linaloinama, ni afadhali kuinunua Februari ikiwa bado na majani, kwani vitunguu vyake vilivyokaushwa mara nyingi havioti.

Mwenye roshani tu asikate tamaa. Erica carnea na Cyclamen coum, mimea mifupi ya maua, huishi vyema kwenye vyungu, mradi vyungu viinuliwe kwa vipande vya matofali ili maji yasituame yakaganda na kuvipasua.

Kwa rangi ya mbali, hakuna kinachoshinda Cornus alba, ambayo vijiti vyake vyekundu huwaka vinapopigwa na jua la chini la alasiri. Mwezi wa Machi, kabla haijachipua, ikatwe karibu na ardhi, kwa maana wekundu huo hukolea kwenye vijiti vichanga.