Somo: Kusoma mchoro wa watu kazini

Tutumie mmoja tu: waokota masuke wa Jean-François Millet, wa mwaka 1857, uliopo Musée d'Orsay, Paris. Ufungue kwenye simu kisha tuende.

Hatua ya 1. Hesabu migongo. Wanawake ni watatu: wawili wameinama kabisa, wa tatu ameinuka nusu. Ukiwatazama pamoja utadhani ni mtu mmoja anayeinama, anaokota, anajinyanyua.

Hatua ya 2. Nenda kwenye mikono. Mimi hukaa hapa kuliko kwingine. Yule wa kushoto, mwenye kitambaa cha buluu, mkono mmoja unatafuta suke chini, mwingine kaupeleka mgongoni. Aliyewahi kupalilia toka alfajiri haelezwi kitu hapo. Nyuso karibu hazionekani, na hazihitajiki.

Hatua ya 3. Sasa tazama mbali. Malundo ya miganda, mkokoteni uliojaa, wavunaji kibao, mwanga wote uko huko. Kulia kabisa, mdogo kama punje, yuko mtu juu ya farasi. Huyo ndiye nyapara.

Hatua ya 4. Kumbuka mwaka. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1848 yalikuwa na miaka tisa tu. Matajiri waliofika kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, hawakufurahia kuwakuta maskini mbele, mavuno nyuma.

MASWALI

Mkuu, kuokota hivyo si wizi?
Hapana. Ni haki ya zamani ya maskini, mavuno yakishatolewa. Ndiyo ile ya Ruthu shambani kwa Boazi, kwenye Biblia.

Shikamoo mwalimu. Huyu Millet naye si tajiri tu aliyewaonea huruma?
Marahaba. La, ni mtoto wa wakulima, kazaliwa 1814 kijiji cha Gruchy, Normandy. Tajiri alikuwa Gustave Caillebotte, aliyechora mafundi wakiparua sakafu ya mbao mwaka 1875. Vifua wazi, chupa ya divai pembeni, maranda yamejikunja sakafuni. Salon waliukataa. Kwa macho yangu, maranda yale pekee yanatosha kuonyesha kwamba alikaa akawatazama kweli.

Na mchoro wa wapasua mawe wa Mfaransa Gustave Courbet naupata makumbusho gani?
Huupati. Ni wa 1849, ukateketea karibu na Dresden mwaka 1945, wakati wa vita. Zimebaki picha zake za kamera. Anza na ule mkono wa kijana aliyebeba kikapu cha mawe.