Kubadilisha mipira ya vioo iliyopigwa ribiti kwenye milango ya gari la zamani

Shemeji yangu alinunua mipira mipya ya vioo vya milango, ile inayofuta kioo kikiwa kinashuka, akaniambia ni kazi ya saa moja. Mlango wa kwanza tulikesha nao. Wa pili tuliumaliza kwa dakika 40. Kilichotuchelewesha ni ribiti tu, zile pini zinazoushikilia mpira kwenye bati la mlango.

Hatua ya 1: Fungua mlango

Toa mkono wa kuzungushia kioo, kishikio, paneli na nailoni iliyo nyuma yake. Shusha kioo hadi mwisho. Kama bado kinaziba ribiti, kitoe kabisa. Kupenyeza drili pembeni mwa kioo ni kutafuta hasara.

Hatua ya 2: Kinga

Bandika teipu ya karatasi kwenye rangi, tabaka mbili. Sindika matambara ndani ya mlango, chini kidogo ya mstari wa ribiti. Ribiti nyingi ni za alumini na chenga zake hazinaswi na sumaku. Zikianguka hadi chini huziba vitundu vya kutolea maji, maji yanatuama, na mlango unaanza kuoza kwa ndani.

Hatua ya 3: Kutoa ribiti

Hapa ndipo tulipokwama.

Tazama kichwa cha ribiti katikati: utaona kidoa cha chuma. Huo ni msumari uliobaki siku ilipopigwa. Alumini ni laini, msumari ni mgumu, kwa hiyo ukianza kutoboa, biti (ncha ya drili) inateleza kwenye msumari na kukimbilia kwenye rangi. Ugonge kwanza kwa panchi nyembamba (kijiti cha chuma cha kugongea) mpaka uingie ndani. Baada ya hapo tobo lenyewe litaongoza biti.

Tumia biti yenye unene wa ribiti, si zaidi. Mara nyingi ni milimita 3.2, lakini pima. Mwendo wa drili uwe wa polepole. Unakata kichwa peke yake: kikiachia kitapanda kwenye biti kama pete, basi acha hapo hapo. Kilichobaki kisukume kwa panchi.

Sasa ile iliyotutesa. Ribiti ya tatu ilianza kuzunguka pamoja na biti. Shemeji akauliza, "Shemeji, mbona haikatiki?" Nami nikafanya ujinga: nikakandamiza zaidi. Ribiti inayozunguka haikatwi kwa nguvu. Inapata moto, inasaga bati, na tobo linakuwa la mviringo mbovu ambalo ribiti mpya haitalishika. Fanya hivi:

- Bana mkia wake kwa koleo jembamba kutoka ndani ya mlango, mwenzako atoboe.
- Mkia haufikiki? Chomeka ncha ya bisibisi bapa chini ya kichwa, uikaze kwa upande. Kichwa kikibanwa hakizunguki.
- Vyote vikishindikana, kata kichwa kwa tindo kali, ukigonga taratibu. Mimi huiacha iwe ya mwisho kwa sababu ukingo wa bati hupinda kirahisi, na ukipinda mpira mpya utakaa na mawimbi.

Tobo likishapanuka, panda hadi ribiti ya milimita 4. Usiniambie habari za skrubu. Ncha ya skrubu hutokeza upande wa pili, na kioo kikipita kinachorwa mstari usiofutika.

Hatua ya 4: Kutu

Msasa, praima, subiri ikauke.

Hatua ya 5: Pima mpira mpya

Alama za matundu zitoe kwenye bati la mlango, si kwenye mpira wa zamani, maana huwa umesinyaa. Upande wenye manyoya uelekee kioo. Kisha, kabla ya ribiti hata moja, shika mpira kwa bolti ndogo na nati sehemu tatu: ncha mbili na katikati. Rudisha kioo, kipandishe, kishushe. Kikikaza sana au kikiacha mwanya, ni sasa tu unapoweza kusogeza bila kutoboa tena.

Hatua ya 6: Piga ribiti

Chagua zenye kichwa bapa. Urefu uwe unene wa bati na mpira pamoja, ukiongeza milimita 5 hivi kwa ribiti ya 3.2. Anzia katikati uende pembeni. Mimi napenda bunduki ya ribiti ya mkono yenye pua nyembamba. Ile ya betri ina nguvu ya kuukata mpira kabla hujajua.

Mwagia maji mlango ungali wazi uone yanapopita, ndipo urudishe nailoni na paneli. Na kabla ya kufunga, hesabu misumari ya ribiti uliyoitoa. Wa kwetu mmoja ulipotea, na hadi leo mlango wa shemeji unalia chakacha kila unapofungwa.