Kabla Hujanunua Risasi za Karabini: Mambo ya Kuangalia kwa Mwindaji wa Lubumbashi

Anza na makaratasi. Silaha na risasi zake zina sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, uwindaji una sheria ya tarehe 28 Mei 1982, na zote mbili zinakuhusu hata kama shamba ni la baba yako. Kama permi (kibali) ya silaha au permi ya kuwinda imeisha muda, acha kusoma hapa, kaitengeneze kwanza. Ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda. Na mtu akikuletea risasi za vita kwenye mfuko wa plastiki kwa bei ya karanga, mkatalie palepale, maana hizo zinaweza kukufikisha mbele ya mahakama ya kijeshi.

Sasa chukua bunduki yako, isogeze kwenye mwanga, usome kilichochongwa kwenye mtutu. Usitegemee alichokuambia mzee aliyekuachia. Karabini yangu ni ya 9,3x62, aina ya risasi iliyobuniwa Berlin mwaka 1905 na fundi aitwaye Otto Bock kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa Afrika. Namba zote mbili zina kazi: 9,3 ni unene wa kichwa cha risasi kwa milimita, 62 ni urefu wa ganda. Kuna 9,3x57, kuna 9,3x64, kuna 9,3x74R. Ukifika dukani ukasema "nipe 9,3" basi, umemwachia muuzaji akuchagulie, na uso utakaokuwa karibu na chuma hicho ni wako. Toa risasi moja kwenye boksi, igeuze, soma kitako chake. Boksi linaweza kuwa la risasi nyingine kabisa.

Wenye bunduki za kalibiri 12, zile za kurusha marisau, nao wasikilize, ingawa si karabini. Risasi ya kalibiri 20 ni nyembamba kuliko ya 12, kwa hiyo ikiingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12, haikai pale inapotakiwa. Inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Wewe unaangalia, unaona tundu tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo maana ganda la 20 kwa kawaida hutengenezwa la njano. Usichanganye hizo mbili kwenye mfuko mmoja, hata kwa dakika tano.

Hali ya risasi: kutu ya kijani, ganda lenye mkunjo, kichwa kinachocheza ukikishika, zote weka pembeni. Usizifute kwa mafuta, maana mafuta hupenya hadi kwenye fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na siku ya siku zinagoma. Zihifadhi mahali pakavu na pa baridi, zifungiwe, mbali na bunduki. Kuziacha mbele ya gari kwenye jua la mwezi wa kumi ni kuziharibu kwa makusudi.

Kisha kichwa cha risasi chenyewe. Sisi watu wa Katanga shaba tunaijua, basi hili halitupi shida kulielewa. Kuna kichwa kilichofunikwa shaba chote, ncha hadi shingoni. Hicho hakipanuki kikigonga nyama, kinapita moja kwa moja. Kwa kupiga karatasi ya shabaha ni kizuri na mara nyingi ni cha bei nafuu. Kwa mnyama wa kawaida ni kibaya mara mbili: kinamtoboa tundu dogo akakimbilia mbali kufa kwa mateso, halafu kinatokea upande wa pili kikiwa bado na nguvu ya kumpata aliye nyuma. Kuna kichwa chenye ncha laini, ambapo madini ya risasi yameachwa wazi mbele. Hicho hupanuka kama uyoga kikiingia, na mnyama huanguka karibu. Kuna pia vya shaba tupu vinavyopanuka bila madini ya risasi ndani, ghali zaidi, ila nyama yake inakuwa safi. Ukitumia vya madini ya risasi, kata na kutupa nyama yote kuzunguka jeraha kwa upana wa kiganja au zaidi, kwa sababu vipande vidogo visivyoonekana kwa macho husambaa mbali. Sumu yake huharibu akili za watoto, na mama mjamzito asile kabisa nyama ya karibu na jeraha.

Mpaka hapa mengi ulikuwa unayajua. Linalofuata ndilo nililokosea mimi, na aliyelipa ni yaya wangu, ndugu yangu mkubwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya alfajiri inayofanya vidole visisikie kifungo cha koti. Mwenye shamba mmoja upande wa barabara ya Kasenga alituita kwa sababu nguruwe-mwitu walikuwa wanamchimbulia mihogo kila usiku. Wiki moja kabla nilikuwa nimepima shabaha ya karabini. Risasi za kuwindia, za ncha laini, kichwa cha gramu 18,5, nilikuwa nazo 10 tu, nikaona uchungu kuzimalizia kwenye karatasi. Nikanunua boksi la bei nafuu, kichwa cha gramu 15 kilichofunikwa shaba chote, nikapimia hizo. Kwa meta 100 risasi tatu zilikaa pamoja, unaweza kuzifunika kwa kizibo cha bia. Nikaikunja ile karatasi kwa furaha, nikaitia mfukoni. Za gramu 18,5 sikujaribu hata moja. Niliona 9,3x62 ni 9,3x62.

Asubuhi ile dume alisimama ubavu, meta 90 hivi, pua ndani ya udongo. Nikalenga nyuma ya bega. Baada ya mlio alipiga magoti ya mbele, akainuka, akaingia kwenye nyasi ndefu. Tulipofika pale tulikuta matone machache ya damu na kipande cha mfupa mweupe, kidogo kama ukucha. Yaya alikiokota, akakigeuza kiganjani, akasema polepole, "Mdogo wangu, hii ni mguu. Hii si kifua."

Tulisubiri nusu saa, tukafuata. Yaya mbele akisoma nyayo, mimi nyuma yake na bunduki. Nguruwe alikuwa amezunguka, amelala pembeni ya njia yake mwenyewe nyuma ya kichuguu, na alitokea ubavuni bila sauti. Pembe zake za chini zina makali kama kisu kilichonolewa. Nilimpiga akiwa hatua mbili kutoka nilipo, lakini tayari alikuwa amempasua yaya paja, juu kidogo ya goti. Nilivua shati nikalikandamiza pale. Tulikwenda mjini kwa pikipiki, kijana wa shamba anaendesha, yaya katikati, mimi nyuma nimembana kwa mikono yote miwili, na shati lilikuwa zito kwa damu kabla hatujafika lami. Alipona. Goti halikunjiki vizuri mpaka leo, na porini hakurudi tena.

Majuma mawili baadaye nilirudi kwenye ile sehemu ya kupimia, nikapiga tatu za gramu 18,5 kwenye karatasi mpya, meta 100 zilezile. Zilikaa pamoja vizuri sana, sentimita 11 chini ya alama na 6 kushoto. Nilisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu. Bunduki haikuwa na kosa, wala risasi hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Sababu yake si uchawi. Kichwa cha gramu 15 hutoka mtutuni kwa takriban meta 800 kwa sekunde, cha gramu 18,5 kwa takriban 720. Uzito ukibadilika, teke la bunduki linabadilika, na mtutu, ambao hutetemeka kila unapofyatua, unatetemeka kwa namna nyingine. Kwa hiyo risasi huhama juu au chini, na hata kando. Hakuna hesabu ya kichwani itakayokuambia itahamia wapi. Karatasi peke yake ndiyo inasema.

Basi fanya hivi. Nunua kwa mkupuo mmoja za kutosha msimu mzima: kiwanda kilekile, uzito uleule, kichwa kilekile, na kama inawezekana namba ileile ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Hesabu kabisa kwamba kati ya 20, kama 9 zitaishia kwenye karatasi. Piga tatu, rekebisha, ngoja mtutu upoe mpaka uweze kuushika, piga tatu nyingine. Za bei nafuu zitumie kufundisha bega na kidole, au tumia bunduki ndogo ya .22, lakini kipimo cha mwisho kifanyike na zile utakazobeba porini. Ukibadilisha boksi, pima upya. Mimi nimebandika plasta kwenye kitako cha bunduki, nimeandika uzito wa kichwa, umbali na tarehe. Yeyote atakayeichukua ataiona kabla ya kuweka shavu.

Mahali pa kupimia: kichuguu kikubwa cha huku kwetu ni ukuta mzuri, lakini kizunguke kwanza kwa miguu. Watu huchimba udongo wake kwa ajili ya matofali, na nyuma yake unaweza kukuta mtoto amekaa na koleo. Wachoma makala (makaa) wako kila mahali siku hizi, na mvua ikianza kuna akina mama wanaotafuta uyoga. Hata ile .22 ndogo inaruka zaidi ya kilometa 1. Ubao wa shabaha uweke chini kiasi kwamba risasi iingie katikati ya udongo, isiparuze mgongo wa kichuguu ikaruka. Usipige jiwe, usipige maji, usipige chuma kinene kwa karibu. Ziba masikio, wewe na uliye naye.

Ukifyatua ikalia "ti" bila mlipuko, usifungue. Acha mtutu umeelekea kwenye udongo, hesabu mpaka 30, ndipo utoe. Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, simama, toa risasi zote, chungulia mtutu kama haujaziba kabla ya kupiga nyingine. Usiweke risasi ndani kabla ya kushuka garini. Usimkopeshe mtu risasi zako, wala usikope. Zihesabu unapotoka na unaporudi, uandike. Na koti la kuwindia, kagua mifuko yake yote, hata ile ya ndani, kabla hujalitoa lifuliwe.