Waridi za karatasi kwa mashine ya kukatia: anzia nje, usianzie katikati

Jamani wenye zile mashine za mkono za kukatia maumbo, hii imeniokolea manila nyingi. Waridi linakatwa kwa dai (kile kibati cha chuma chenye makali ya umbo) ya mzunguko, karatasi inatoka imejisokota kama dawa ya mbu ya kuchoma, sasa wengi wanaanza kuviringisha kutoka katikati halafu wanashangaa ua halina shepu. Anzia ncha ya nje, viringisha taratibu kuingia ndani, kile kiduara cha katikati ndo kinabaki mwisho kinakuwa kitako cha ua. Kabla ya gundi liachie kidogo mkononi lifunguke lenyewe, likishafika saizi unayotaka ndo unaweka tone la gundi ya moto kwenye kiduara na unabana mpaka ipoe, ukiwahi kubandika likiwa limekaza unapata kitufe sio waridi (mi ninavyo vya kutosha).

Karatasi ya maua isiwe ngumu sana, gramu 120 hivi mpaka 160 kwa mita ya mraba inatosha, zile za 250 na kuendelea weka kwenye kadi yenyewe.

Na kama karatasi inang'ang'ania kwenye dai, weka kipande cha karatasi ya kuokea keki katikati ya dai na karatasi ya ua, inachomoka bila kuchokonoa na pini. Zile sahani za plastiki zinazobana dai na karatasi zikipita kwenye mashine nazo uwe unazigeuza juu chini kila ukikata, la sivyo zinapinda kama ndizi.