Ukifika kwenye ukurasa wa ubakaji: namna ninavyosoma riwaya za fantasia

Shika penseli kabla hujaanza. Hapa Lira, kaskazini mwa Uganda, nakala zetu nyingi ni za mtumba, kwa hiyo alama ndogo pembeni haimkeri mtu. Ukifika mahali mwanamke anapigwa au anabakwa, tia alama, kisha usikimbilie ukurasa unaofuata. Kama moyo unakwenda mbio na shingo imekaza, funga kitabu. Riwaya ya kurasa 800 haina mtihani mwishoni.

Ukiweza kuendelea, hesabu kurasa. Kuna riwaya moja iliyotumia kurasa nne kueleza gauni lililochanwa na mapaja ya msichana. Niliendelea kuhesabu. Alionekana tena baada ya kurasa sitini, akimimina divai, bila neno hata moja. Kaka yake ndiye aliyepewa hasira, farasi na upanga. Hapo nilijua kwamba mwandishi hakumhitaji msichana, alihitaji jeraha lake tu. Kitabu cha namna hiyo simwazimishi mtu.

Utaambiwa zamani ndivyo ilivyokuwa. Usikubali upesi: aliyebuni majoka hakulazimishwa na historia yoyote. Katika kitabu cha George R. R. Martin cha 1996, A Game of Thrones, msichana aitwaye Daenerys anaozwa akiwa na miaka 13. Nilikimaliza kwa sababu mengi yake tunayaona kwa macho yake mwenyewe, na anakua mbele yetu. Umri ule bado unaniuma.

Oktoba ya mwaka huohuo, waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) waliwateka wasichana 139 wa shule ya Aboke, si mbali na hapa. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini akarudi na 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi. Kwa hiyo kwetu msichana kukabidhiwa kamanda si fantasia, na anayemwazimisha mwenzake kitabu lazima aseme mapema: ukurasa fulani, jambo fulani, ruka hadi hapa. Usiseme tu kwamba “kina mambo mazito”. Hilo halimsaidii mtu.

Mimi nilijifunza vibaya. Kikundi chetu cha Jumamosi kina Walango, Waacholi na Wakongo, Kiswahili ndicho kinatukutanisha. Siku moja nilisoma kifungu kwa sauti bila kutahadharisha. Mama mmoja alishika kikombe chake kwa mikono miwili, hakunywa, chai ikapoa ikatanda utando juu. Nilipomaliza aliuliza, “Dada, huyo msichana alifika nyumbani?”

Nilipekua hadi jalada la nyuma. Hakikusema.

Siku hizi tunagundisha kikaratasi ndani ya jalada. Juu tunaandika kurasa za kuruka. Chini tunaandika swali la yule mama, na namba ya ukurasa wenye jibu, kama upo.