Kabla theluji haijafunga barabara

Tarehe 23 Desemba 2022 dhoruba ya theluji ilitua Buffalo, jimbo la New York, na kuupiga mji kwa zaidi ya saa 30 mfululizo. Uwanja wa ndege ulipima theluji ya zaidi ya sentimita 130. Walikufa watu zaidi ya 40: wengine garini, wengine njiani kwa miguu, wengine nyumbani kwao kwa kuwa gari la wagonjwa halikuweza kupita. Kwa hiyo wewe unayeishi huku Marekani, jipange kama mtu ambaye hatafikiwa na yeyote kwa siku tatu.

Simu yako ikiandika "Watch" kwenye tangazo la hali ya hewa, dhoruba inawezekana. Siku hiyo ndiyo ya kwenda dukani. Ikiandika "Warning", imefika au iko mlangoni, na rafu za mikate zimeshabaki tupu. Weka lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, dawa, maziwa ya mtoto, tochi na betri. Unga na mchele tunao daima, lakini jiko la umeme likizimika, ugali utausongea wapi? Nunua pia maharage ya kopo, karanga, tende, mkate. Friza iliyojaa huhifadhi chakula saa 48, mradi watoto wasiifungue kila dakika.

Sasa jambo linalonitia hofu kuliko theluji yenyewe: mkaa. Wengi wetu tumekulia kwenye jiko la mkaa, na usiku wa baridi huko Njombe au Limuru tulikuwa tukiliingiza ndani bila kufikiri. Hata huko liliua watu. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, kwa hiyo hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, nayo haitoki. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni mafua, unalala. Wote nyumbani wakiumwa hivyo kwa pamoja, tokeni nje kwanza, ndipo mpige 911, namba ya dharura. Texas, Februari 2021, umeme ulipokatika kwenye baridi kali, serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, na baadhi vilitokana na hewa hiyo. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Oveni ya gesi si ya kuota moto. King'ora cha kaboni monoksaidi kijaribuni leo kama kinalia.

Joto likikatika, hamieni chumba kimoja, mzibe chini ya mlango kwa taulo. Acha bomba lidondoshe maji kidogo kidogo, maana maji yakiganda hutanuka na kulipasua. Ujue pia koki kuu ilipo.

Usiendeshe gari. Ukinaswa, baki ndani. Wengi hupotea hatua chache tu kutoka garini. Fukua theluji kwenye ekzosi kabla ya kuwasha injini, uiwashe dakika kumi kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo.

Ukipiga 911 na Kiingereza kikakukwama, sema neno moja, "Swahili", kisha subiri bila kukata simu, watamtafuta mkalimani. Anwani ya nyumba iandike kwa herufi kubwa, uibandike karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili ataweza kuisoma.